Mahasimu Wawili, Dhana Moja: Mjadala wa Asili ya Kasoko ya Kimondo ya Arizona, 1891–1960

Katika nyanda kame za kaskazini mwa Arizona, Marekani, lipo shimo lenye kipenyo cha takribani kilomita 1.2 na kina cha mita 170 hivi. Leo wanajiolojia wanakubaliana kuwa lilitokana na kimondo cha chuma kilichoanguka yapata miaka 50,000 iliyopita. Insha hii inadai kwamba makubaliano hayo yalichelewa si kwa uhaba wa ushahidi tu, bali pia kwa sababu ya dhana moja ambayo pande zote mbili hazikuihoji.

Mwaka 1891 Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia wa serikali ya Marekani, alifika hapo akiwa na vipimo viwili. Alihoji kwamba iwapo bonge la chuma limezikwa chini, dira ingepotoka. Na kwa kuwa bonge hilo lingejaza sehemu ya shimo, kifusi cha ukingoni kingezidi ujazo wa shimo lililobaki. Dira haikupotoka, na ujazo wa kifusi ulikaribiana na ule wa shimo. Gilbert alihitimisha kuwa shimo lilifumuliwa na mvuke wa kivolkano, na kwamba vipande vya chuma vilivyotapakaa kandokando vilikuwapo kwa sadfa.

Daniel Barringer, mhandisi wa migodi aliyeanza kazi hapo mwaka 1903, alisoma ardhi ileile kwa namna nyingine. Alibaini kuwa matabaka ya ukingoni yamepinduliwa, yaliyokuwa chini yakawa juu; mwamba wa mchanga umesagika ukawa unga; vipande vya chuma vimechanganyika na kifusi; na ndani ya shimo hakuna mwamba wa kivolkano. Hata hivyo, naye aliamini kuwa chuma kimelala chini kikiwa kizima, akatumia mali na miaka kukitafuta. Mwaka 1929 mwanafalaki Forest Ray Moulton alionesha kwa hesabu kwamba kimondo chenye kasi kubwa kiasi hicho hulipuka kinapogonga ardhi na sehemu kubwa ya maada yake hutawanyika. Barringer alifariki Novemba mwaka huohuo.

Hapa ndipo ilipo dhana ya pamoja. Gilbert alikikana kimondo kwa kuwa bonge halikuonekana. Barringer alikikubali, kisha akalichimbua bonge lisilokuwapo. Wote walikichukulia kimondo kama jiwe lililorushwa topeni.

Mwaka 1960 Edward Chao, Eugene Shoemaker na Beth Madsen walitangaza kupatikana kwa koesaiti katika mwamba wa mchanga wa kasoko hii. Madini hayo huhitaji shinikizo kubwa mno, ambalo mlipuko wa mvuke karibu na uso wa ardhi hauwezi kulizalisha. Hivyo basi, ushahidi wa kimondo haukuwa katika chuma kilichozikwa, bali katika mwamba uliopigwa.