Mablanketi ya Viraka ya Gee's Bend

Mablanketi ya viraka ya Gee's Bend ni matandiko yanayoshonwa na wanawake Wamarekani Weusi wa kijiji cha Boykin, ambacho wengi bado hukiita Gee's Bend, katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, Marekani. Malighafi yake ni mabaki: nguo kuukuu za shambani, magunia ya unga, vipande vilivyosalia baada ya gauni kukatwa. Hutambulika kwa miraba mikubwa isiyolingana sawasawa na kwa rangi zinazogombana kwa makusudi.

Kijiji kimezungukwa na mto Alabama pande tatu. Joseph Gee, mwenye shamba la pamba na watumwa, alifika huko mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba lilihamia kwa Mark Pettway, na hadi leo wakazi wengi huitwa Pettway, jina la mtu aliyewamiliki mababu zao. Utumwa ulipokomeshwa waliendelea kulima pamba wakiwa wapangaji waliokopeshwa chakula na pembejeo. Mwaka 1932 mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alidai madeni yote kwa mpigo, na familia zikanyang'anywa mifugo, zana na akiba ya chakula. Waliishi katika nyumba za magogo zenye nyufa, kuta zikibandikwa magazeti ili kuzuia upepo. Blanketi moja halikutosha usiku wa baridi, na kitambaa cha dukani kilikuwa ghali.

Mraba unaopendwa zaidi huitwa Paa la Nyumba. Mshonaji huanza na kipande kimoja katikati. Huunga utepe ubavuni mwake, hukata ziada, hugeuza kazi na kuunga utepe wa pili unaofunika ncha ya ule wa kwanza. Akishazingira pande zote nne, huanza mzunguko mwingine. Mtindo huu unafaa mno kwa mabaki kwa sababu haudai vipande vya kipimo kimoja: utepe ukiwa mfupi huungwa na mwingine wa rangi yoyote iliyopo, na ukiwa mwembamba, unaofuata huwa mpana. Vitabu vya ushonaji hufundisha kupima kwa rula na kuacha milimita 6 hivi za mshono. Gee's Bend wengi hukata kwa jicho, na wengine huchana kitambaa kwa mkono. Mstari ukipinda huachwa ulivyo, kisha utepe wa mbele huutafutia mizani. Kuna wanaoshona miraba kadhaa na kuiunganisha, na kuna wanaoupanua mmoja mpaka ufunike kitanda kizima.

Uso ukikamilika hutandazwa juu ya pamba na bitana, na matabaka hayo matatu hushikizwa pamoja kwa mishono ya mkono. Zamani pamba yenyewe ilikuwa masalia yaliyofagiwa sakafuni kwenye mashine za kuchambulia, ikapigwa kwa fimbo ili kutoa takataka.

Kitambaa kilichopo ndicho huamua sura ya blanketi. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alishona blanketi kutokana na nguo za kazi za marehemu. Katika mablanketi ya aina hiyo huonekana magoti ya jinzi yaliyopauka, na mahali ambapo mfuko ulibanduliwa hubaki kivuli cha buluu iliyokoza. Mwaka 1966 ulianzishwa ushirika wa washonaji ulioitwa Freedom Quilting Bee, na mwaka 1972 ukapata kazi ya kushonea kampuni ya Sears foronya za mito ya kodorai. Mabaki yake ya kijani, dhahabu na nyekundu yalienda majumbani. Kodorai ni nzito na haikubali vipande vidogo vidogo, kwa hiyo mablanketi ya miaka hiyo yana maumbo machache, makubwa, yaliyo wazi.

Wasiddi wa Karnataka, India, wenye asili ya Afrika, nao hushona matandiko ya mabaki yaitwayo kawandi, lakini wao huanzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati. Ni kinyume kabisa cha Paa la Nyumba. Kufanana kwa rangi kusimfanye mtu aunge historia za makundi haya mawili kwa haraka. Uhaba wa kitambaa peke yake unaweza kufundisha mengi.

Mwaka 2002 mablanketi hayo yalioneshwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Houston, kisha katika Makumbusho ya Whitney, New York, ambako mhakiki Michael Kimmelman aliyahesabu miongoni mwa kazi bora za sanaa ya kisasa zilizotoka Marekani. Sifa hiyo inastahili, ingawa blanketi likitundikwa ukutani mtazamaji haoni upande wake wa nyuma wala hajui uzito wake. Mwaka 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha zake. Mwaka huohuo kivuko cha kwenda mji wa Camden kilirejeshwa. Kilikuwa kimeondolewa miaka ya 1960, wakati Weusi wa huko walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura. Tangu 2021 washonaji kadhaa huuza kazi zao wenyewe mtandaoni, na tangu 2022 kila Oktoba kijiji hufanya tamasha la kuanika mablanketi, ambapo mgeni anaweza kununua kutoka mkononi mwa aliyeshona.