Bakshishi, Matabishi, Kilemba: Mwenye Saluni Naye Apewe?

Swali hili linaulizwa sana Nyamirambo, na linaulizwa na watu wa pande mbili. Mfanyakazi wa shirika aliyesukwa tangu asubuhi mpaka jioni anataka kuongeza kitu juu ya bei, lakini aliyemsuka ni mwenye saluni mwenyewe. Akimpa, ni heshima au ni dharau? Upande wa pili yuko dada aliyetoka Kiziba au Mahama kutafuta maisha mjini, anayesuka kwenye saluni ya mtu. Yeye anauliza lake kimoyomoyo: ile pesa aliyoacha mgeni, mbona mimi sijaiona?

Haya, tuulize historia. Maana neno tunalotumia kwa kitu hiki si moja, na kila neno limekuja na safari yake.

Tuanze na bakshishi. Neno hili ni la Waajemi, likapita kwa Waturuki na Waarabu mpaka likafika pwani yetu. Asili yake ni kutoa kwa ukarimu. Lakini ukarimu huo una mwelekeo: unashuka. Tajiri anampa mbeba mizigo, msafiri anampa mtumishi wa hoteli. Hujasikia mtu amempa sultani bakshishi.

Ndugu zetu wa Kongo wanasema matabishi. Hilo limetoka kwa Wareno: mata-bicho, yaani kuua mdudu. Ilikuwa ile tone ya pombe ya asubuhi, inywewe kabla ya kula, eti iue mdudu wa tumboni. Wazungu wa Kongo wakalitumia kwa kitu kidogo anachopewa boi au mpagazi juu ya ujira wake. Baadaye likavuka mpaka, likawa pia jina la hongo. Ndiyo maana mama mmoja wa Bukavu ukimwambia "chukua matabishi" anaweza kucheka, na mwingine anaweza kununa. Wote wawili wana sababu.

Na hapa Rwanda? Zamani nywele hazikuwa na duka. Amasunzu, zile nywele zilizokatwa zikaachwa na vilele kama matuta ya milima, walivaa wanaume na wasichana ambao hawajaolewa. Zilikatwa nyumbani na mtu anayejua, na shukrani ilirudi kwa njia ya ujirani: msaada shambani, au urwagwa siku ya kuonja. Lakini Rwanda ilijua pia zawadi ya aina nyingine, ile ya ubuhake. Mkubwa alimpa mtu ng'ombe, na tangu siku hiyo aliyepokea alikuwa na deni la utumishi na utii. Mfalme Mutara III Rudahigwa aliufuta mwaka 1954. Ubuhake umekwisha, lakini tunaoishi katika nchi hizi tunaelewa haraka kwamba kitu cha bure kinaweza kuwa na kamba. Kwa hiyo mwenye saluni akirudisha noti yako kwa upole, usidhani ana kiburi. Huenda anakuambia tu: mimi na wewe tumeshamalizana.

Wageni wengi wanakuja na kanuni kutoka Marekani: mfanyakazi anapewa, mwenye duka hapewi. Kanuni hiyo nayo ina historia, na si nzuri yote. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kampuni ya Pullman, iliyoanzishwa mwaka 1867, iliajiri wanaume Weusi, wengi wao waliotoka utumwani, wahudumie abiria kwenye mabehewa ya kulala. Mshahara ulikuwa mdogo kwa makusudi. Kinachobaki wakitafute kwenye mifuko ya abiria, kwa tabasamu. Wamarekani wenyewe waligombana juu ya jambo hilo. Jimbo la Washington lilipiga marufuku bakshishi mwaka 1909, majimbo mengine matano yakafuata, na kufikia 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimefutwa. Wahudumu wa treni walichagua njia nyingine. Mwaka 1925 waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na mwaka 1937 wakapata mkataba na kampuni. Walichodai ni mshahara, si abiria wakarimu zaidi.

Hapo ndipo kanuni ya "mwenye duka hapewi" inapoeleweka. Bakshishi ilikuwa ya kuziba pengo la mtu asiyepanga bei. Mwenye duka anapanga bei, basi hana pengo. Sawa, lakini kwetu je? Mama mwenye saluni ya viti viwili, mwenyewe mkimbizi, anapanga bei kweli? Mtaa mzima ni saluni. Akipandisha kidogo tu, mteja anavuka barabara. Kodi ya nyumba inamsubiri, umeme unamsubiri. Jina ni mwenye saluni, lakini mikono inayouma jioni ni yake.

Na msusi wake yuko chini zaidi. Wengi hawana mshahara wa mwezi. Wanagawana na mwenye saluni bei ya kila kichwa. Ukilipa kwa MoMo, pesa yote inaingia kwenye namba ya saluni. Machi 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ya Rwanda ilisimamisha ada za kutuma pesa kwa simu ili watu wapunguze kushikana noti, na mazoea ya kulipa kwa simu yakazidi. Ni rahisi, hatukatai. Lakini tuseme bei ni 10,000 na wewe umetuma 12,000: ile elfu mbili imekwenda kwa mwenye namba. Msusi ameona umetabasamu, basi.

Liko neno la tatu, na hili tunalo nyumbani. Waswahili walifika Kigali pamoja na Wajerumani, mji ulipoanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907: askari, makarani, wafanyabiashara. Msikiti wao wa Al-Fatah ulijengwa Nyamirambo mwaka 1913. Wabelgiji wakaja kuwapangia sehemu yao Biryogo, ikaitwa kambi ya Waswahili. Ndiyo, kambi, sisi si wa kwanza. Kiswahili walichotoka nacho pwani kilikuwa na neno kilemba. Si kile cha kichwani tu. Kilemba ni zawadi anayopewa fundi akimaliza kazi, au mwalimu mwanafunzi wake akihitimu, au baba wa bibi harusi. Angalia mwelekeo wake: kinapanda. Anayetoa ndiye anayekiri kwamba mwenzake ni mjuzi.

Basi jibu langu ni hili. Kwanza, lipa bei kamili. Mteja anayelia bei mpaka ishuke, kisha akaacha mia tano juu ya meza, hajatoa kitu. Amerudisha kidogo cha alichochukua. Pili, kama aliyekusuka ni mfanyakazi, mpe mkononi mwake, kwa noti, na umwambie ni yako. Tatu, mwenye saluni aliyekusuka mwenyewe usimpe kama unayemsaidia. Mpe kilemba: siku ya harusi, siku ya sikukuu, siku amekufungulia mapema uwahi safari. Umwambie, "Mama, hii ni ya ufundi wako." Akikataa, mletee mteja mwingine. Hiyo hakuna anayeikataa.

Na kama mfukoni imebaki ya mtu mmoja tu, tazama nyuma kabla hujatoka. Kuna binti anayeosha vichwa na kufagia nywele. Yeye mara nyingi bado anajifunza, na kwenye bei ya kichwa chako hana fungu.