Kampuni Ni ya Nani? Mkonge wa Tanga na Magari ya Birmingham

Kila tunapokutana hapa Birmingham kuadhimisha Uhuru wa Desemba 9, watoto wetu hutuuliza: kama Tanganyika ilikuwa tajiri kwa mkonge, utajiri ule ulikwenda wapi? Jibu tunalipata Tanga, na sehemu yake tunaiona papa hapa tunapoishi.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai kutoka Florida. Kutokana na hiyo, mashamba yakaenea Pangani, Tanga na Korogwe hadi Morogoro, mengi yakiwa ya kampuni na walowezi wa Kizungu. Babu zetu walitoka Kigoma na Songea kwa mkataba, wakaitwa manamba. Walikata majani, singa zikapakiwa melini, na kamba nyingi zikasokotwa Ulaya. Shamba lilizalisha sana, lakini ujuzi na faida vilivuka bahari.

Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa takriban tani 230,000. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Mwenye mali sasa alikuwa mwananchi. Hata hivyo, kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalishuka chini ya tani 30,000. Kamba za plastiki ziliangusha bei ya mkonge duniani, na mashamba yetu yakakosa mameneja wazoefu, vipuri na fedha za kupanda upya.

Sasa tutazame hapa tulipo. Mwaka 2000 BMW ya Ujerumani iliuza kiwanda cha Rover cha Longbridge kwa Waingereza kwa pauni 10 tu. Wapo walioshangilia kwamba kimerudi nyumbani. Aprili 2005 kilifungwa. Watu wapatao 6,000 walipoteza kazi, na karakana zilizokiuzia vipuri zikatikisika.

Land Rover ya Solihull, ile Landrova iliyowafikisha mabwana shamba na waganga vijijini kwetu, ilinunuliwa na Ford, kisha mwaka 2008 na Tata ya India. Wapo walionung'unika. Lakini mwaka 2014 kampuni hiyo ilifungua kiwanda kipya cha injini Wolverhampton, na vijana wa hapa wakapata kazi na ufundi.

Kwa hiyo, wanetu, bendera ya kampuni haitoshi kutuambia kama italifaa eneo. Tuulize: inawafundisha kazi wenyeji? Inanunua kwa mafundi na wakulima wa jirani? Inarudisha sehemu ya faida ardhini, au inavuna tu? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo ni la kukaguliwa kwa mgeni na kwa ndugu vilevile.

Manamba hakuwa na haki ya kuuliza maswali hayo. Sisi tunayo, na hiyo ni sehemu ya Uhuru tunaousherehekea leo.