Chombo cha Angani Kilichovunjika Juu ya Humber

Mwaka 1918, vita vikuu vikiwa havijakoma na nyambizi za Kijerumani zikizamisha merikebu za Waingereza kila uchao, wakuu wa bahari wa London walitaka kuundiwa chombo cha angani kiwezacho kupiga doria siku 6 mfululizo juu ya Bahari ya Kaskazini, na kupanda mbali na shari ya adui. Shauri hilo halikuwa la ajabu zama zile. Mwaka uliotangulia Wajerumani walithubutu kurusha ndege yao ya gesi, L59, kutoka Bulgaria iwapelekee askari wa kamanda wao von Lettow-Vorbeck risasi na dawa huku kwetu Afrika Mashariki, ikarejeshwa ilipokwisha kufika anga ya Sudan.

Chombo cha Waingereza, R38, kilikuwa na urefu wa futi 695, kikielea kwa haidrojeni. Ili kipande juu sharti kiwe chepesi, na kwa ajili ya wepesi huo mataruma yake yalifanywa membamba. Mhandisi Campbell alipiga hesabu ya uzito wa shehena na nguvu ya gesi, lakini msukumo wa hewa ubavuni mwa chombo kinapogeuka kwa kasi hakuutia hesabuni. Nami hustaajabu, maana fundi wa jahazi asiyejua hata kusoma hufahamu kuwa shehena siyo peke yake ivunjayo chombo.

Amani ilipopatikana, Waingereza wakawauzia chombo hicho Wamarekani, waliokipa jina la ZR-2. Kikaruka mara ya kwanza Juni 1921. Katika majaribio baadhi ya mataruma yakapindika, yakatiwa nguvu, safari zikaendelea. Tarehe 23 Agosti kikaondoka Howden na watu 49, na kwa kuwa ukungu ulikizuia kutia nanga Pulham, kikakesha juu ya bahari. Kesho yake alasiri, kilipokuwa juu ya mji wa Hull, ikaamriwa usukani ukazwe upande huu na upande huu, chombo kikienda kwa kasi, tena chini, penye hewa nzito, ilhali kiliundwa kwa hewa nyepesi ya juu. Waliokuwa mabarabarani wakaona kunyanzi likikizunguka kiunoni. Mara kikakatika, sehemu ya mbele ikalipuka na kuvunja vioo vya madirisha mjini, na mabaki yakaangukia mto Humber. Walikufa watu 44, 16 kati yao Wamarekani, pamoja na Maitland, afisa mkuu wa vyombo vya angani wa Uingereza, na Campbell mwenyewe. Wakasalimika 5, wengi wao waliokuwa mkiani.

Wachunguzi walioongozwa na Mervyn O'Gorman walitamka wazi kwamba nguvu za hewa hazikukadiriwa. Tangu hapo wahandisi wa Cardington waliingiwa na tahadhari kubwa, wakaiunda ndege nyingine ya gesi, R101, kwa viungo imara kupita kadiri, ikatoka nzito hata ikabidi kuikata katikati na kuiongezea mfuko wa gesi, kabla ya kuanza ile safari ya India ya Oktoba 1930 iliyokomea karibu na Beauvais, Ufaransa.