Saa ya gari imezima? Angalia haya kabla ya kununua nyingine

Kwa magari ya zamani yanayopiga ruti kati ya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, saa ya dashibodi kuzima si jambo geni. Joto, vumbi na mtikisiko wa barabara za vijijini hulegeza maungio ya umeme. Wengi huipotezea, wengine hukimbilia saa ya mtumba. Kumbe tatizo linaweza kuwa fyuzi tu, au dalili ya ubovu mkubwa zaidi.

Imezima kabisa

Saa hupata umeme kwa njia mbili: waya wenye umeme muda wote, unaotunza majira, na waya unaopata umeme ukigeuza ufunguo, unaowasha tarakimu. Kwenye Toyota nyingi za zamani, wa kwanza hupita fyuzi iliyoandikwa DOME pamoja na taa ya ndani. Wa pili hupita fyuzi ya CIG pamoja na tundu la kuchajia simu. Kama taa ya ndani au tundu hilo navyo havifanyi kazi, anza na fyuzi.

Weka fyuzi ya ampea zile zile. Ikiungua tena, kuna waya unaogusana mahali. Usiweke kubwa zaidi wala kuunga kwa waya. Gari linaweza kuwaka moto.

Ukiigonga inarudi

Hapo huenda lehemu ya ndani imepasuka. Chomoa waya wa hasi wa betri, toa saa, mpelekee fundi redio ayeyushe lehemu upya. Mara nyingi huhitaji kifaa kipya.

Inaanza upya kila ukiwasha gari

Shuku betri au vichwa vyake vilivyolegea au kuota ukungu mweupe. Betri nzima ya volti 12 husoma takriban 12.6 injini ikiwa imezimwa. Ikiunguruma, kati ya 13.5 na 14.5. Ukipuuza, siku moja gari litagoma kuwaka porini, na korosho ziko nyuma.

Inafifia usiku

Huo si ubovu. Saa nyingi hupunguza mwanga taa kubwa zikiwashwa, zisimuumize dereva macho.

Ukilazimika kununua

Hakikisha volti zinalingana. Malori mengi hutumia 24. Saa ya volti 12 ukiifunga humo itaungua. Ijaribu kwanza dukani, ndipo ulipe.