Umiliki wa Kazi za Muziki na Uendelevu wa Sanaa Mjini Tanga, 1960–1999

Mijadala kuhusu ukuaji endelevu wa tasnia ya sanaa nchini Tanzania mara nyingi huanza na ukosefu wa mtaji. Historia ya Tanga inaelekeza kwingine. Muziki wa mji huo ulistawi, kisha ukadhoofika, ilhali vipaji na wasikilizaji walikuwapo. Hoja ya makala haya ni kwamba kilichokosekana ni umiliki wa kazi zenyewe.

Katika miaka ya 1960, Tanga ulikuwa mji wa mkonge, bandari na reli. Wafanyakazi wenye mishahara walijaza kumbi za dansi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na maonyesho ya taarabu ya Black Star na, baadaye, Lucky Star. Black Star waliachana na okestra kubwa ya mtindo wa Unguja, wakaingiza magitaa ya umeme na mapigo ya dansi. Mtindo huo ulisikika pwani nzima hadi Mombasa, na sauti ya Shakila Said, mzaliwa wa Pangani, ikawa miongoni mwa alama zake.

Hata hivyo, biashara ya santuri ilikuwa mikononi mwa kampuni za Kenya, ikiwamo iliyomiliki nembo ya Mzuri huko Mombasa. Sheria ya Hakimiliki ilitungwa mwaka 1966, lakini chombo cha kukusanya na kugawa mirabaha, COSOTA, kilikuja kwa sheria ya 1999. Kwa muda wote huo, riziki ya msanii ilitegemea zaidi malipo ya onyesho, na kiingilio kilitoka katika mshahara wa mkonge. Nyuzi za sintetiki ziliposhusha bei ya mkonge, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, nguzo zote mbili zilitikisika kwa pamoja.

Dola haikukaa kimya. Vikundi vya majeshi na mashirika ya umma viliwaajiri wasanii. Shakila mwenyewe aliimba taarabu jeshini, Dar es Salaam. Ajira hiyo ilikuwa kinga ya kweli, lakini ilimlinda mwimbaji maadamu anaimba. Haikuulinda wimbo alioacha nyuma. Aidha, iliihamishia sanaa ya Tanga makao makuu.

Kwa hiyo, mikopo na mafunzo pekee havitoshi kuleta uendelevu. Tasnia ya sanaa hudumu pale ambapo wimbo unaendelea kumlisha mtunzi wake hata baada ya ukumbi kufungwa.