Piano Nyuma ya Maneno

Sisi wa Mwanza tuliwahi kuonja uchungu wa filamu za hali halisi. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare, juu ya sangara na viwanda vya minofu. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaishutumu hadharani. Mimi habari za samaki hazikuniudhi sana. Kilichoniuma ni mwanamke mmoja wa mjini humu aliyeiimba Tanzania mbele ya kamera: filamu ilimtaka kwa masaibu yake, sauti yake ikapita tu.

Sauti ile ilinirudia nilipotazama No Ordinary Man, filamu ya mwaka 2020 ya Aisling Chin-Yee na Chase Joynt, juu ya Billy Tipton, mpiga piano na saksafoni wa jazi huko Marekani. Alizaliwa Oklahoma City mwaka 1914, akalelewa kama msichana. Katika miaka ya 1930 alianza kupiga muziki kama mwanamume, na hatimaye akaishi hivyo daima. Alipofariki Spokane mwaka 1989 siri ikafichuka, na magazeti yakamfanya kioja. Watunzi wa filamu walitaka kumwondolea fedheha hiyo, na kwa hilo nawaheshimu. Kwa kuwa picha za sinema za maisha yake ni haba, waliwaita waigizaji waliobadili jinsia, kila mmoja ajaribu kuwa Tipton. Hila njema, lakini maneno yakawa mengi na piano ikabaki nyuma yao.

Mwaka 1957 Tipton na wenzake wawili walirekodi santuri mbili. Mwaka uliofuata aliitwa kazini katika hoteli moja ya Reno. Akakataa, akahamia Spokane. Je, aliogopa umaarufu ungemfichua, au alikijua kipimo cha kipaji chake? Nani atajibu bila kuvisikiliza vidole vyake?

Usukumani, Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma, hushinda aliyevuta umati. Tena lugha yetu ina bahati: tukisema “alipiga”, hatuulizi mume wala mke. Kiingereza kilimtaabisha hata Diane Middlebrook, aliyeandika maisha ya Tipton mwaka 1998, akatumia viwakilishi vyote viwili.

Filamu ilipokwisha nilikuwa nimewasikia wasomi wengi wenye hekima, nami bado sikujua mkono wa kushoto wa Tipton ulifanya nini juu ya piano.